Pole ya Bonde la Koitobos

Leo nimepewa pole na sijafiwa.

Nilikuwa bonde la mto Koitobos, huko chini ya Endebess, napiga picha za ukungu. Hakuna mtu, hakuna kelele. Si mnanijua.

Mama mmoja akapita na ng'ombe wake, akaomba kuona.

Nikamwonyesha kama kumi hivi. Mto. Ukungu. Mto tena.

"Na watu wako wako wapi?"

"Hakuna, mama. Napiga tu mahali."

Akanishika mkono. "Pore sana, mwanangu."

Ati pore, badala ya pole! Lafudhi ya mtu wa Bungoma kabisa. Nikacheka, bana.

Nimefika nyumbani Kitale, nikafungua picha za mwaka mzima. Hakuna hata mtu mmoja.

Mama, pore nimeipokea.

Nani ako huru Jumamosi? Unakuja tu kusimama kando ya mto.