Mgeni wa Nyuma ya Jiko

Kusi hii nilirudi Mkongani, ndugu yangu, na safari hii haikuwa ya mazishi wala harusi. Nilikwenda kutafuta ndege. Mimi na wenzangu watatu wa Ukunda tuna kijitabia hicho: tunaamka alfajiri, tunajitundika darubini shingoni, watu wanatucheka.

Ndege mwenyewe ni adimu siku hizi. Ana mgongo wa hudhurungi na kifua cheupe chenye madoadoa meusi, na hutembea chini msituni akipekua majani makavu kama kuku. Wenzangu wana jina lake refu la kitabuni. Bibi yangu alimwita mgeni tu, kwa kuwa alifika na baridi ya kusi na kuondoka kabla joto halijarudi. Mimi ndiye niliyewaapia wenzangu kwamba kwetu yupo, na kusema kweli nilikuwa na hofu. Bibi keshafariki, nyumba yake imeanguka. Ndege naye akikosekana, utoto wangu utabaki bila shahidi.

Maana nililelewa ukingoni mwa msitu ule. Asubuhi bibi alikuna nazi, kwaru kwaru, mihogo ikitokota, moshi wa kuni ukinasa kwenye leso yake. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja kwa fagio la chelewa. Nawe wajua kwetu: uwanja usiofagiwa mapema ni aibu ya ukoo mzima.

Tulizunguka msituni mpaka jua likawa kali. Upande mmoja umekatwa, pamelimwa mahindi. Mwenzetu mmoja akanitania kwamba labda bibi alikuwa akiwaona kuku wake. Nilicheka, lakini iliniuma.

Tukapita kwa jirani wa bibi kuomba maji.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibuni, karibuni.”

Nyuma ya jiko lake nikakuta majani makavu yamerundikana hadi vifundoni. Niliona haya mbele ya wenzangu. Nikadhani mgongo umemshinda, nikachukua fagio nimsaidie.

“Liweke, mwanangu,” akasema. “Huku nyuma hakufagiwi mpaka kusi iishe. Bibi yako alituusia, chakula cha mgeni hakifagiwi. Mimi nasemwa kwa uchafu mtaa mzima, lakini usia wa marehemu sitauvunja.”

Hapo nikamkumbuka bibi akinishika mabega penye pembe ya jiko, nami na fagio langu, na kunigeuza nirudi mbele. Miaka yote nilidhani alikuwa akinihurumia.

Tukakaa mkekani pale nyuma, tukingoja. Punde majani yakachakarika chini ya mkorosho. Akatokea, akapindua jani, akasimama akatuonyesha kifua chake cha madoadoa. Yule mtani wangu alinishika mkono. Nikasema alhamdulillahi, machozi yakanitoka, na mzigo niliokuwa nao tangu Ukunda ukashuka.

Mengi yametoweka, ndugu yangu. Nyumba haipo, msitu umebaki nusu, na nazi siku hizi hata mimi nakunisha kwa mashine sokoni. Aliyenifundisha kuinama na fagio yuko chini ya udongo. Lakini niliondoka moyo mweupe. Kabla ya kuaga niliufagia uwanja wa mbele wa yule mama ukang’aa, majirani waone. Majani yote nikayazoa, nikaenda kuyamwaga nyuma ya jiko.