Mot na Hai

Ningeukataa ufunguo ule, leo nisingekuwa na la kuungama. Madam Lan, Mvietinamu aliyeongoza kikundi cha kujitolea kinachopeleka miwani kwa watoto wa shule za milimani kwao, aliniomba nimsimamie ghala la Al Quoz, hapa Dubai, siku moja.

"Kasha la kwanza liende uwanja wa ndege. La pili ni miwani mibovu, tupa. Ukikwama nipigie, Mzee Haji."

"Inshallah," nikajibu, kifua mbele.

Kufungua ghala, makasha hayana namba. Moja limeandikwa MOT, jingine HAI. Badala ya kupiga simu, nikajifanya msomi. Miaka yote hii Dubai nawasikia Waarabu wakiita kifo mot. Na hai ni hai, hata kwetu Unguja. Basi mibovu ndiyo iliyokufa.

"Mzee, una uhakika?" akauliza Njoroge, dereva wetu Mkenya.

"Yalla, pakia HAI! Kiarabu utanifunza wewe?"

MOT likaenda na gari la taka.

Baada ya wiki mbili Madam Lan alinionyesha picha kwenye simu: mtoto amevaa miwani, kidole amekipenyeza pasipo na kioo.

"Mot ni moja," alisema taratibu. "Hai ni mbili. Ndivyo tunavyohesabu kwetu."

Ufunguo nilikwisha urudisha siku ile ile ya kazi, wala sikupewa tena. Na watoto wale walikaa mwaka mzima mbele ya ubao wasiouona, kwa sababu mimi niliona haya kuuliza.