Mama na Vichwa vya Mboga ya Mtaliano

Mimi nilikuwa nalipwa kulisha wazee wa watu. Kila asubuhi nilipanda basi hadi makao ya wazee, nikakaa kando ya kitanda na kijiko mkononi, nikabembeleza: kidogo tu, mpenzi, cha mwisho hiki. Nao walikula. Jioni nilirudi Ladywood, mtaa wetu wa maghorofa huku kwa Waingereza, ghorofa ya tisa, nikamkuta mama yangu mzazi hajagusa sahani niliyomwachia.

Alitoka Kakamega mwaka ule kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa, miezi michache baada ya kumzika baba. Alifika akiwa na mwili wake. Kufikia Septemba sketi ilikuwa inashikiliwa na pini. Daktari alimpima kila kitu, akasema haoni ugonjwa. Niliogopa, jamani, sitaficha. Kazini nilishaona mtu mzima akiacha kula taratibu, na nilijua njia ile inaishia wapi.

Usidhani sikujaribu. Nilikwenda Small Heath, nikazunguka maduka ya Coventry Road mpaka nikapata unga mweupe wa mahindi, nikasonga ugali. Nikapika kabeji, nikapika spinachi. Mama alimega tonge moja, akalichovya, akatafuna, kisha akafuta mikono.

"Mboga za huku zina sukari," alisema. "Hakuna hata moja chungu?"

Alikuwa anataka mnavu, ule tunaouita managu, unaochemshwa ukalazwa na maziwa hadi kesho yake. Nikapandwa na hasira. "Mama, ningekuwa na mnavu ningekunyima?" Nikaenda bafuni kulia, mtu mzima kama mimi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimempa rimoti ya televisheni. Manispaa ilikuwa imenikodisha kipande cha bustani karibu na reli, mahali ambapo sisi wa maghorofa tunalima viazi na maharagwe. Jumamosi moja ya Oktoba nikamvisha mama koti langu nene, nikampeleka.

Jirani yangu pale bustanini alikuwa mzee wa Kitaliano aliyestaafu, mjane, mtu wa kofia na maneno machache. Siku hiyo alikuwa hajafika. Mboga yake ilifika magotini, mistari mitatu iliyonyooka, na juu ya kila shina kulikuwa na kichwa cha vichipukizi vya kijani, vingine vimeanza kuonyesha maua ya njano. Nikamwacha mama akae kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikaenda kuteka maji. Bombani nikakutana na mwenzangu mmoja, na porojo zikanoga.

Niliporudi, ndoo haikuwa na mtu. Mama alikuwa ameinama katika mistari ya yule mzee, mikono miwili inakwenda, pa! pa! pa! Alikuwa ameshamaliza miwili na nusu. Vichwa vyote vilikuwa chini.

"Mama! Unafanya nini?"

"Mwenyewe mvivu," alisema, wala hakuinua kichwa. "Kaacha mboga itoe maua. Nimemsaidia."

Hapo simlaumu. Kwetu kunde na mnavu hukatwa maua ili majani yaendelee kutoka, na jirani anayeona mboga ya mwenzake inakomaa akapita tu, huyo si jirani. Kwa mama hiyo ilikuwa salamu. Kwa Mtaliano, kama nilivyokuja kujua dakika tano baadaye, ilikuwa balaa.

Mzee alifika, akasimama kwenye njia, akavua kofia, akaishika kifuani. Kisha akafoka, kwanza kwa Kitaliano, halafu kwa Kiingereza ili nisikose hata neno. Tangu Agosti alikuwa anavisubiri vichwa vile! Majani ni nyongeza tu, kichwa ndicho mboga yenyewe!

"Asante ya punda ni mateke," mama akanung'unika. "Anasemaje?"

"Anasema umemkatia chakula. Vichwa ndivyo vinavyoliwa."

"Maua? Anakula maua?"

"Anakula maua, mama."

Akashika mdomo. Kisha, bila kunisubiri, akapiga magoti udongoni, akaanza kuokota kichwa kimoja kimoja, akipuliza mchanga na kukiweka kwenye leso yake. Yule mzee akanyamaza. Kumwona mama mtu mzima kapiga magoti mbele yake kulimshinda. Naye akainama, magoti yakilia, wakaokota pamoja.

Kimoja mama akakitia mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna, kisha akaanza tena, polepole.

"Ni chungu," alisema.

Nikamtafsiria mzee, naye akaona ametukanwa. Bila shaka ni chungu! Isipokuwa chungu ni nyasi!

"Mwambie ni chungu vizuri," mama akasema, na macho yalikuwa yamelowa.

Mzee akagawa vile vichwa nusu kwa nusu, akamfungia mama fungu lake kwa mikono yake mwenyewe. Akamweleza kwa mikono: maji ya moto, kitunguu saumu, mafuta, pilipili. Mama akaitikia kwa heshima zote, kama unavyomwitikia mtu asiyejua kupika. Kabla hatujaondoka mzee alituonyesha mashina yaliyobaki. Yatachipua pembeni, alisema. Rudini baada ya wiki mbili, lakini safari hii mniulize kwanza.

Nyumbani mama alinifukuza jikoni. Akachemsha mboga, akamwaga maji, akatia maziwa na chumvi, akasonga ugali wake mwenyewe. Ya kulaza hadi kesho hakutaka hata kuisikia. Mimi nilijifanya nakunja nguo, nikisikiliza. Nilisikia sahani. Nikasikia mwiko ukigonga sufuria, kimya, kisha mwiko tena.

Nilipoingia alikuwa amejaza mashavu. Nikanyoosha mkono kwenye sahani yake nionje, kama nilivyozoea utotoni. Akanichapa vidole, kofi la haki.

"Wee! Si upakue yako?"

Haki ya Mungu, sijawahi kufurahia kofi namna ile. Nikachukua sahani, nikalisogelea jiko, nikafunua sufuria ya mboga. Ilikuwa tupu.