Moto Kinywani mwa Mama Mkwe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi zile ningali mkamwana mgeni kijijini Bukima, kando ya ziwa, nilimwona mama mkwe wangu akipalilia mihogo, moshi unamtoka puani na sigara haionekani. Nikashtuka. Kumbe aliivuta kama wavuvi na wanawake wengi wa rika lake, upande unaowaka ukiwa ndani ya kinywa, ili upepo wa ziwa usiizime na mikono ibaki na jembe. Aliweza hata kukugombeza nayo ikiwa humo humo, na mimi alinigombeza sana.

Nilipopata mimba ya kwanza, alikuwa anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamsindikiza hospitali, Musoma mjini. Nesi, binti mdogo tu, akamuuliza sigara ya kwanza ya siku anaivuta saa ngapi.

"Kabla sijashuka kitandani," mama akajibu bila aibu.

"Umewahi kujaribu kuacha?"

"Nilikuwaga naacha kila Kwaresima. Sifikagi hata Jumapili ya kwanza."

Nesi hakucheka. Akamweleza kwamba mwili wake umeshazoea nikotini, ndiyo maana unaidai kabla ya chai. Akiacha atatetemeka, atakosa usingizi, atakuwa na hasira, na hayo yote yatapita. Si uchawi, wala si upungufu wa imani. Kisha akamuuliza kama safari hii yuko tayari.

Mama akanitazama tumbo. "Huyu akizaliwa, nitambariki kwa mdomo gani?"

Kwao, bibi huchukua maji kinywani na kumpulizia mjukuu kifuani. Mama hakutaka mjukuu wake apokee baraka inayonuka sigara. Hilo tu ndilo lililomuuma, na pale pale yeye na nesi wakapanga siku ya kuacha.

Wiki iliyofuata, usiombe. Aligombana na baba mkwe, akagombana na kuku, akagombana na sufuria. Siku moja nikamkuta jikoni mikono inatetemeka, machozi yanamtoka. Huruma ikanishika. Nikaenda dukani, nikarudi na sigara moja nimeifunga kwenye pindo la khanga.

Aliipokea, nikadhani ataiwasha. Akaivunjavunja, akaitupa kwenye ndoo ya maji machafu.

"Huruma kama hizi ndo zinaturudishaga," akaniambia. "Kama unanipenda, nikaangie karanga."

Basi nikakaanga karanga. Hamu ikimpanda, anatafuna, anakunywa maji, anarudi shambani, na hamu inashuka. Ikipanda tena, tunaanza tena.

Mtoto alipozaliwa, ukoo ulijaa uani. Mama akaniita mimi kwanza, akafungua kinywa. "Ninuse."

Nikanusa. Karanga tupu. Nikacheka huku nalia. Akachukua maji, akampulizia mtoto kifuani, kisha akapiga kigelegele kirefu, bila kukohoa hata kidogo. Wanawake wakakipokea mpaka kule ufukweni wanakoanika dagaa. Sijawahi kumwonea fahari mtu kama nilivyomwonea yule mama.

Mtoto yule ni wewe, mwanangu. Kifua kile ndicho unachokijaza moshi leo, unaniambia utaacha ukiwa tayari.

Bibi yako hakungoja hamu iishe ndipo awe tayari. Alipata mtu wa kuacha sigara kwa ajili yake, akaacha hamu ikiwa bado inamkaba. Nawe mtafute wako. Panga siku, utuambie nyumbani, ili ukitununia tujue ni nikotini, si chuki. Nenda hospitali, usione aibu. Ukiteleza, anza upya, maana bibi yako aliteleza Kwaresima nyingi na bado alishinda. Mimi sitakuletea sigara. Karanga nitakukaangia mpaka uzichoke.

Haya, fungua vifungo vya shati, usogee. Maji haya hapa. Mungu akupe pumzi ya bibi yako, uwapulizie wajukuu zako kwa kinywa safi, na kigelegele chako kifike ufukweni.