Mama Pasi na Albamu Iliyokimbia

Upande wa ndani wa mlango wa Mama Pasi umeandikwa kwa chaki, kutoka juu kabisa hadi karibu na sakafu. Anayeingia mara ya kwanza hudhani ni hesabu ya mashuka ya wateja. Sivyo. Ni majina ya albamu, na hakuna hata moja iliyofika pale kwa kubembeleza.

Mimi nimezunguka sana na begi langu la sindano na vifungo, nimelala kwenye vyumba vingi vya watu wema, lakini kile chumba cha kupigia pasi ndicho kilichonifanya nipange safari zangu nikitazama kalenda. Kila Jumamosi saa kumi alasiri, vigoda vinatolewa chini ya meza. Anakuja Dereva wa lori, akiwa hayuko safarini. Anakuja Nesi, mtoto wa mdogo wake Mama Pasi, bado na viatu vyake vyeupe vya kazini. Anakuja Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka akastaafu, rafiki wa marehemu mume wa Mama Pasi. Zamu ikifika kwako unaleta albamu moja. Inapigwa yote, wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, hakuna kuruka, hakuna kuongea. Ikiisha tunagombana. Tukichoka kugombana, Mama Pasi anaweka pasi juu ya kibao chake na kutoa neno la mwisho: mlangoni au nje.

Alianza kazi ya kupiga pasi ana miaka kumi na sita, kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa. Meneja alipiga marufuku redio. Yeye akapiga pasi kimyakimya siku nzima, na jioni meneja akakuta mashati hamsini yana mikunjo kama uso wangu. "Mkono wangu hausogei bila muziki," alimwambia. "Nifukuze, au niwashie." Redio ikarudi. Kisa hicho nimesimuliwa na yeye mwenyewe, huenda mashati yalikuwa ishirini, lakini redio ilirudi kweli, maana wapo walioisikia.

Baadaye akanunua mashine mbili, ya kupiga santuri na ya kurekodi kanda, akawa anawarekodia watu wa mtaa mzima. Mpiga ngoma wa bendi ya pale hotelini alimwazima kwa siku mbili albamu moja ya jalada la njano. Wengine wote mjini tuliijua kupitia mikono yake, kwenye kanda. Jina lake halisi hatukulitumia kamwe. Tuliiita Ya Njano. Ndiyo iliyotukutanisha. Ndiyo iliyoandikwa juu kabisa ya mlango, kwa herufi kubwa.

Basi, Jumamosi moja Mwalimu aliingia na simu mkononi na kispika kidogo, uso unang'aa kama mtu aliyepata mjukuu.

"Shemeji, leo kaeni vizuri. Ya Njano imetolewa upya. Safi, kutoka kwenye kanda za studio zenyewe."

Tukakaa. Muziki ukaanza, na kabla ya ubeti wa kwanza kuisha Dereva alishavunja sheria.

"Huyu ni nani? Ana mafua?"

"Nyamaza, ndiye mwenyewe," alisema Mwalimu.

"Mwenyewe gani! Mwimbaji wetu ni kijana, sauti imepanda juu huko. Huyu ni baba mkwe ameamshwa usingizini."

Kweli, sauti ilikuwa nzito. Tarumbeta zilitembea, hazikukimbia. Mimi nilijikuta mguu wangu unatangulia mbele ya ngoma. Nesi alimtazama mama yake mkubwa, na mimi nikafuata macho yake. Mama Pasi alikuwa anapiga pasi foronya ileile kwa mara ya tatu.

Mwalimu akazima. Si mtu mbaya, ila akipata jibu huwa hapumziki mpaka darasa zima lilione.

"Mnaelewa maana yake? Kanda zetu zilikuwa zinakwenda mbio. Shemeji, mashine yako ilikuwa mbovu. Miaka yote hii tumeipenda albamu ambayo haipo."

"Mashine yangu haikuwa mbovu," alisema Mama Pasi.

"Masikio yetu ndiyo mabovu?"

"Nilikaza skrubu."

Dereva akacheka kidogo, akaona hakuna wa kumsindikiza, akaacha.

"Chini ya sahani ya mashine ya santuri kulikuwa na skrubu ya mwendo," alisema Mama Pasi. "Nilichukua bisibisi, nikaikaza kwa mkono wangu huu, santuri ikazunguka mbio. Siyo bahati mbaya, Mwalimu. Kusudi."

"Kusudi! Unamharibia mtu kazi yake kusudi?"

"Kanda zilizokuwa zinapatikana ni za dakika arobaini na tano. Wewe ndiye wa hesabu. Tazama hapo kwenye simu yako upande wa pili una dakika ngapi."

Mwalimu alitazama kwa hasira ya mtu anayejua atalipata jibu. "Ishirini na nne."

"Na upande mmoja wa kanda ile?"

Aligawa kwa mbili akinong'ona, kama bado yuko ubaoni. "Ishirini na mbili na nusu."

"Kwa hiyo kuna dakika moja na nusu haina pa kukaa. Wenzangu wote wa miji mingine walikuwa wanakata. Yule mama wa wimbo wa mwisho amesimama mlangoni, anafungua barua ya mwanawe, anaanza kusoma, tak! Kanda imekwisha. Mteja anarudi nyumbani na barua isiyosomwa. Mimi nikasema hapana. Kwangu barua itasomwa mpaka mwisho, hata kama mama atasoma haraka haraka."

Dereva akajipiga paja. "Ya kwanza niliinunua mji mwingine, ikakatika hapohapo! Nilizunguka miezi sijui aliandika nini. Ndipo nikaambiwa, nenda kwa yule dada wa pasi, yake inafika."

"Lakini mama mkubwa," alisema Nesi, taratibu, "kwa nini hukutuambia?"

Hapo kidogo akainamisha kichwa. "Kwa hilo nimekosa, mwanangu. Mlikuwa mnaisifu mashine yangu mno, nikaona niwaache muisifu. La kunyamaza nilaumuni. La skrubu, hapana. Ningekuwa nayo leo ningekaza tena."

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini Mwalimu alikuwa ameaibishwa na hesabu zake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huwa anatafuta pa kushika. Alichovya kitambaa kwenye ndoo ya kunyunyizia nguo, akaenda mlangoni.

"Sababu nimeielewa. Lakini sheria ni yako, shemeji. Mlangoni inaandikwa albamu iliyosikilizwa yote, kama ilivyo. Hii hatukuisikiliza kama ilivyo. Naifuta. Na neno la mwisho, samahani, haliwezi kubaki kwa mtu aliyetuficha."

Mama Pasi alimpita, akasimama na mgongo kwenye mlango, pasi ingali mkononi, inafuka mvuke. Sijamwona mtu mfupi akijaza mlango namna ile.

"Futa," alisema. "Anzia hapa nilipo mimi."

"Shemeji, weka pasi chini tuzungumze."

"Mkono wangu unazungumza vizuri ukiwa nayo. Dereva, uliposikiliza ile kanda mwezi mzima, njia ya mlimani, gari bovu, ulisikiliza nini? Kitu ambacho hakipo?"

"Ilikuwepo, dada. Mimi ndiye niliyekuwa karibu nisiwepo."

"Nesi, wewe uliwalaza watoto wako kwa wimbo gani?"

"Wa tatu. Ule wa mbio." Akatabasamu. "Ndiyo maana hawalali."

"Haya, Mwalimu. Na wewe, siku ya kumzika mume wangu, ulikaa kwenye kigoda kile ukaniomba kanda ipi?"

Mwalimu alishusha mkono. Kitambaa kilikuwa kinamdondokea maji kwenye viatu.

"Basi usiniambie haipo. Mnataka neno langu la mwisho mlichukue, pigeni kura, mimi nitakaa hapa nikiwasubiri. Lakini kwa sasa bado ninalo, nalitoa. Ya Njano inabaki ilipo. Hiyo uliyoleta ni mgeni. Haijasikilizwa, maana mmeiongelea katikati. Ina sheria kama wengine: ipange foleni."

"Foleni! Yenyewe ndiyo iliyotangulia duniani!"

"Duniani, sawa. Kwangu imefika leo saa kumi na robo."

Kura haikupigwa. Mwalimu alirudisha kitambaa kwenye ndoo na kuondoka bila kuaga, na sisi tukasema huyo ndiyo basi.

Foleni ilikuwa ya watu wanne. Mimi niliahirisha safari, miguu ikalalamika, nikaiambia itulie. Jumamosi ya tano Mwalimu alikuja na kispika chake, akaketi, na hakuna aliyemtania. Albamu ikapigwa yote. Mwendo wake wa pole nikauzoea kufikia wimbo wa tatu. Ule wa mwisho, mama alisoma barua polepole mno, neno kwa neno, na nilimwona Dereva akitazama dari.

Tuligombana mpaka jua likaingia kwenye dirisha la magharibi. Kisha Mwalimu akasema, kwa heshima yote, "Shemeji, neno la mwisho."

Mama Pasi akaweka pasi juu ya kibao.

"Ni nzuri," alisema. "Tena nzuri sana. Iandike."

Mwalimu akachukua chaki haraka, mkono ukaenda juu kabisa, kwenye kipande kilichobaki kando ya herufi kubwa.

"Chini, Mwalimu," alisema Mama Pasi, na tayari alikuwa amekwishageuka, anavuta shuka jingine kutoka kwenye kapu. "Waliofika mwisho wanaandikwa chini."

Nafasi ilikuwa imebaki karibu na sakafu. Ilimbidi apige magoti.