Vipande Vilivyohama Ubohoni Mwangu

Ilianza kwa mwili kuvilia damu bila kuumia popote. Shangazi yangu, mfugaji wa Buigiri, alipokuja mjini akaona mikono yangu, hakuniuliza kitu. Alimgeukia mume wangu, mtu ambaye hata kuku huchinjiwa na jirani.

"Unampiga mtoto wetu?"

"Shikamoo, shangazi," mume wangu akasema kwa woga.

"Shikamoo yako kaa nayo!"

Fizi zilipoanza kutoka damu tukaenda hospitali, shangazi ameketi katikati yetu kama askari. Baada ya vipimo, daktari, dada mmoja mpole, alituambia nina saratani ya damu, aina ya nadra inayokuja kwa kasi. Akachukua karatasi akachora: ndani ya seli za uboho, ule ute wa ndani ya mifupa yangu, kuna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu; kipande cha ya kumi na tano kimekatika kikajipachika kwenye ya kumi na saba, na cha kumi na saba kimehamia kwa mwenzake.

"Kama mbuzi waliochanganyika malishoni," shangazi akasema. "Basi kila mmoja arudishwe zizini kwake."

"Havirudishiki, mama. Tunaziondoa seli zenyewe."

"Na uhuni huu umetoka ukoo gani?" Jicho lake likamwangukia tena mume wangu.

"Shangazi, huyo nimeolewa naye tu!"

"Hakuurithi kwa mtu," daktari akasema. "Umetokea mwilini mwake mwenyewe, ukubwani."

Ningetibiwa kwa vidonge vya jamii ya vitamini A, pamoja na dripu ya aseniki.

Shangazi akashtuka. "Aseniki? Ile tuliyokuwa tunaogeshea ng'ombe?"

"Ndiyo, mama, ila hii ni ya hospitali, kwa kipimo."

"Haya. Angalau kupe hatakuwa nao."

Nilicheka mpaka fizi zikatoka damu tena.

Kwa sababu ya hiyo vitamini A, shangazi alileta maboga kila wiki. Daktari alisema hayawezi kuwa badala ya vidonge, na mimi chakula kilikuwa hakipiti. Kumkatalia shangazi hakuna aliyethubutu, kwa hiyo mume wangu akayala yote, asubuhi na jioni, akinitazama kwa huruma.

Miezi ilipita. Siku ya majibu daktari alisema wameutafuta ule mchanganyiko kwenye uboho wasiuone. Nililia, shangazi akapiga vigelegele wodini. Muuguzi aliyekuja kututuliza akamshika mume wangu mkono, akakigeuza kiganja.

"Baba, mbona wa njano hivi? Kaa hapa, tukupime ini."

Ini lilikuwa zima. Ni rangi ya maboga tu.