Malundo Saba ya Kisima cha Shangazi

Udongo wa kisima tuliuweka kwa malundo. Kila tuliposhuka pima moja, yaani upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, tulianza lundo jipya. Huo ulikuwa utaratibu wa fundi wangu, mzee aliyekuja Temeke kutoka Lindi kabla sijazaliwa, na mafundi wote wa visima niliowajua walifanya hivyo. Mwenye kisima akitaka kujua amechimbiwa nini, hana haja ya kuuliza. Anatembea kando ya malundo na kuona mwenyewe.

Lundo la kwanza huwekwa mbali kabisa, kule kwenye ua, kwa sababu asubuhi hiyo bado una nguvu, na kwa sababu unayaachia nafasi yatakayofuata. La mwisho hukaa hatua mbili tatu tu kutoka shimoni, maana kufikia hapo mikono imekwisha. Kwa hiyo ukisimama kwenye mdomo wa kisima, lundo lililo miguuni pako ndilo udongo wa chini, na lile la uani ndilo udongo wa juu. Hakuna aliyenifundisha jambo hilo. Mabega yaliniambia siku ya kwanza.

Mtaalamu aliyekuja kukikagua kisima hakulijua. Alikuwa na shahada ya miamba, leseni yenye picha yake na mhuri wa mviringo, na hakulijua.

Ilikuwa miaka ya tisini, wakati kila kitu kilikuwa ruksa na mabomba ya Yombo yalikuwa pambo la barabarani. Watu walichimba visima popote walipopata kiwanja, wengine hatua sita kutoka chooni. Fundi wangu alikuwa akikataa kazi za namna hiyo, na mwenye kiwanja alikwenda kumtafuta fundi mwingine asiyekataa. Kisha kipindupindu kikapita mitaani kwetu, na kilipoondoka yakaja masharti: kisima kipya kisitumike mpaka kikaguliwe na mtaalamu wa miamba aliyesajiliwa, na kisichopewa cheti kifukiwe. Sitaki kudanganya, masharti yenyewe yalikuwa mazuri. Niliwaona waliozikwa. Lakini sharti likishaandikwa hukabidhiwa mtu, na upande wetu lilikabidhiwa mtu yule.

Kisima chenyewe kilikuwa cha shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea. Alilima mchicha nyuma ya nyumba na kuuza Tandika. Maji aliyateka bondeni, na kila jioni alipanda kilima na ndoo kichwani, mara nne, mara tano, mpaka mwaka ule mgongo ulipomkatalia. Siku nyingine alifika nusu ya njia, akatua ndoo, akakaa kando yake akijifanya anasubiri mtu. Mimi na fundi tukamchimbia kisima kwa Jumapili tisa. Kikikosa cheti, watu wa halmashauri wangekuja na kifusi, na yeye angerudi bondeni.

Tulishuka pima saba. La kwanza lilikuwa udongo mweusi wenye mizizi ya nyasi. Mawili yaliyofuata yalikuwa mchanga wa njano. Kisha yakaja matatu ya mfinyanzi wa kijivu, mzito, unaong'ang'ania chepe kama una kinyongo nawe. La mwisho lilikuwa mchanga mweupe wa chembe kubwa, na maji.

"Huo mfinyanzi ndio kifuniko," fundi alimwambia shangazi. "Vyoo vya majirani viko juu yake, maji yako yako chini yake. Lala usingizi."

Mtaalamu alikuja na pikapu nyeupe, akiongozana na mjumbe wetu wa nyumba kumi. Ofisi yake ilikuwa Kinondoni, juu ya duka la vipuri, na alishuka garini kama mtu aliyeletwa kwa makosa. Alikuwa na umri wa kuweza kuwa mtoto wa fundi. Fundi alisimama kidogo akisubiri shikamoo yake, kisha akaacha kusubiri.

"Nani mchimbaji hapa?"

"Mie."

"Una leseni?"

"Nina sururu."

Mjumbe alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Mtaalamu akasimama kwenye mdomo wa kisima, akachungulia bila kuinama, akafungua jalada lake. Kisha akaanza na lundo lililokuwa miguuni pake. "Juu," alisema huku akiandika, "mchanga mweupe, chembe kubwa." Akasogea kwenye mfinyanzi. Akasogea kwenye mchanga wa njano. Akafika uani kwenye lundo jeusi, akaokota punje kwa vidole viwili, akainusa, akakunja uso.

"Chini, udongo mweusi wenye uozo. Haya ni majitaka ya chooni. Yameshuka mpaka kwenye maji."

"Bwana," fundi alisema, "hilo lundo ni la..."

"Mzee, wewe hujasajiliwa. Maelezo ya mtu asiyesajiliwa hayaingii kwenye ripoti. Ndiyo sheria."

Shangazi alikuwa ameegemea mlango. "Lakini baba, hiyo mizizi ni ya nyasi. Nyasi inaota pima saba chini ya ardhi? Mbona mie naipalilia huku juu kila siku?"

"Mama, haya ni mambo ya kitaalamu."

Akanigeukia mimi. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa nimemkodolea macho. "Na wewe kijana, una la kusema?"

Nilikuwa na yote ya kusema. Nilikuwa nimeubeba ule udongo ndoo kwa ndoo, na ningeweza kumwambia lundo lipi lilitoka siku ipi. Lakini tangu shuleni nilikuwa mtu ambaye swali likimwangukia anaangalia vidole vya miguu yake. Nikasema hapana.

Akaandika kwamba kisima kifukiwe, au tabaka jeusi la chini liondolewe chini ya maelekezo yake, halafu akague tena baada ya wiki mbili. Alipoondoka, shangazi alinigeukia. "Hapana," alisema, akiniiga sauti. "Mtoto ana hapana tamu kama nini." Kisha akachukua ndoo yake, akashuka bondeni.

Nilikwenda na fundi Kinondoni. Msichana wa mapokezi alitusikiliza vizuri, akatuambia kwamba pingamizi hupokelewa likiwa limeandikwa na mtaalamu mwingine mwenye leseni. Tukauliza wako wapi. Akatuonyesha kwa kidevu chumba cha ndani, ambako wanaume watatu walikuwa wanakunywa chai na yule wetu.

Njiani fundi alitangulia mbele mpaka tulipofika Yombo. Hapo akasimama.

"Ametuambia tuondoe tabaka jeusi la chini. Halipo. Kwa hiyo kazi tumeshaimaliza."

"Lakini akirudi atasoma vilevile," nikasema.

"Atasoma. Basi kama yeye hawezi kugeuka, tutaugeuza udongo."

Tulifanya kazi hiyo Jumamosi nzima. La kwanza likaenda mahali pa saba, la saba mahali pa kwanza, la pili na la sita, la tatu na la tano. La nne tuliliacha, maana lilikuwa katikati, na fundi alisema hilo peke yake ndilo limebaki na heshima. Shangazi alibeba kwa karai ingawa tulimkataza. Fundi hakutania tena siku hiyo. Alisawazisha kila lundo kwa chepe, akahakikisha mchanga mweupe haukuchanganyika na mweusi, na mara moja nilimsikia akisema peke yake, "Miaka yote hii sijawahi kusema uongo kwa udongo."

Shangazi alikuwa na wasiwasi mmoja. "Safari iliyopita kaandika juu ni mchanga mweupe. Safari hii ataona juu ni mweusi. Hatashtuka?"

"Dada yangu," fundi alisema, "yule hasomi tunachochimba. Unadhani anasoma anachoandika?"

Hakusoma. Alikuja na pikapu ile ile, mjumbe yule yule, akasimama pale pale, akaanza na lundo la miguuni. Lilikuwa udongo ule ule aliounusa na kuukunjia uso. "Juu, udongo mweusi wa kawaida, wenye mizizi ya nyasi," aliandika. "Vizuri." Akapita kwenye njano, akapita kwenye mfinyanzi, akafika uani. "Chini, mchanga safi." Akafunga jalada, akatutazama sote kwa huruma, kama mwalimu anayerudisha madaftari.

"Mnaona? Mkifuata maelekezo, mambo yanakuwa."

"Tumeona, baba," shangazi alisema. "Tumejionea."

Akapiga mhuri juu ya boneti ya gari. Lakini kabla ya kutoa cheti alitaka mtu mmoja wa upande wetu atie sahihi chini ya maneno kwamba tabaka lenye uozo lilikuwapo na limeondolewa kwa maelekezo ya mtaalamu. Fundi aliyasikia, akachukua kopo la maji, akaenda kando kuosha miguu ambayo haikuwa na tope. Shangazi hakujua kuandika. Nikabaki mimi na darasa langu la saba.

Nilimwangalia shangazi. Ndoo yake ilikuwa tupu pembeni yake. Nikaandika jina langu, herufi moja baada ya nyingine, kama ninavyoandika mpaka leo.

"Fanya haraka bwana, nina sehemu nyingine."

Niliandika vilevile polepole. Ulikuwa uongo na nilitaka usomeke vizuri. Akanipokonya kalamu, akampa shangazi cheti. Shangazi akakikunja mara nne, akakiingiza kifuani.

Hapo ndipo niliposema. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nadhani ni ile kalamu kupokonywa.

"Bwana, safari iliyopita ulianzia mwisho. Lundo la kwanza linawekwaga mbali. Huu mweusi ndio ule ule uliosema ni wa chooni. Tumeuhamisha tu ili usome sawa."

Alitazama lundo jeusi. Akatazama kule uani, ambako ardhi bado ilikuwa na madoa meusi kuzunguka mchanga mweupe. Alielewa. Nilimwona akielewa, na ilichukua muda mrefu kuliko inavyomchukua mtoto.

"Mama," alisema, "hebu nione tena hiyo karatasi."

"Karatasi ipi?" Shangazi aliweka kiganja kifuani. "Ikishaingia huku, baba, wa kuitoa ni mume wangu, na mume wangu alishafariki."

Mjumbe safari hii hakukohoa. Alicheka mpaka akashika mlango wa pikapu. Mtaalamu alibaki amesimama na jalada lake. Ili akifute cheti ilimpasa aandike sababu, na sababu ingesomwa na wenzake wa chai. Alipiga hesabu hiyo mbele yetu, usoni, bila aibu. Watu wangekunywa maji hayo, na kwa jinsi yeye alivyojua hakuwa na uhakika tena kama ni safi au machafu. Hakuuliza. Hakurudi hata kuchungulia shimoni.

"Udongo si kazi yako, kijana," aliniambia, akapanda gari.

Shangazi alinishika sikio kabla vumbi halijatua. "Wiki mbili ulikuwa bubu! Umepata mdomo leo, karatasi ikiwa bado ina joto la mkono wake? Ungetuponza!" Kisha akaniachia, akanisukumia ndoo. "Haya, teka."

Niliteka. Alikunywa amesimama, akateka ndoo ya pili mwenyewe, akaumwagia mchicha.

Kesho yake asubuhi nilimkuta fundi uani na chepe. Alikuwa anarudisha malundo. Jeusi lilikuwa limeshafika nusu mahali pake pa zamani, na shati lake lilikuwa limelowa.

"Kwani yule anarudi?" shangazi alimuuliza kutoka dirishani.

"Harudi."

"Sasa unajisumbua nini? Si tunautawanya tu?"

"Tutautawanya kesho," fundi alisema. "Leo majirani watapita kuangalia kisima."

Nikachukua karai.